Harusi ya kipekee bila kubaki na deni: mawazo kwa wachumba wa Kagongwa na Kanda ya Ziwa

Mpunga ukishatoka majarubani na kuingia kwenye maghala ya mashine za Kagongwa, huanza msimu mwingine: msimu wa kadi za michango. Simu huita, kundi jipya la WhatsApp hufunguliwa, na jina lako huwekwa kwenye orodha ya kamati kabla hujaulizwa. Sherehe zenyewe hufuata mstari uleule: ukumbi, sare, matarumbeta, keki ya ghorofa, shampeni, foleni ya chakula, foleni ya zawadi, muziki hadi usiku wa manane. Mgeni aliyehudhuria harusi tano ndani ya msimu mmoja, ukimuuliza ipi ilikuwa ya nani, itabidi kwanza afungue picha kwenye simu.

Ndiyo maana wachumba wengi sasa wanauliza: tufanyeje ili yetu iwe ya tofauti? Wapambaji wa mjini wana jibu lao, nalo ni harusi ya mada, yaani harusi inayoongozwa na wazo moja kuanzia kadi, mavazi na mapambo hadi chakula na muziki. Jibu hilo si baya. Tatizo ni kwamba mara nyingi mada huwekwa juu ya mambo yote ya kawaida. Ukumbi unabaki, sare zinabaki, keki inabaki, halafu juu yake inaongezwa gharama ya wazo jipya. Bajeti inapanda, na deni linahamia kwenye nyumba ya maharusi.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Mada nzuri ni ile inayowapa sababu ya kukataa kwa heshima. Ukishatangaza kwamba harusi yenu ni ya chai ya asubuhi, hakuna atakayeuliza kreti za bia ziko wapi. Ukisema ni harusi ya nyumbani kwa bibi, hakuna atakayeuliza jina la ukumbi. Wazo moja likiwekwa wazi mapema, linapunguza mambo kumi bila ugomvi.

Tutenganishe kwanza ndoa na harusi

Kiswahili kimetupa maneno mawili, na tunafanya vibaya kuyachanganya. Ndoa ni mapatano ya watu wawili yanayotambuliwa na sheria. Harusi ni shangwe ya kuyasherehekea mapatano hayo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mambo machache. Wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya siku waliyoipanga. Wote wawili waridhie kwa hiari. Wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Kisha ndoa isajiliwe na cheti kitolewe. Inaweza kufungwa kwa utaratibu wa serikali, ambao wengi tunauita ndoa ya bomani, au kwa utaratibu wa dini, au kwa mila. Hakuna kifungu kinachotaja ukumbi, gari la maharusi wala sare za kamati. Hata mahari: kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haiwi batili kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Hilo si kusema tuache kuheshimu bukwi. Ni kusema kwamba kisheria ng'ombe waliobaki hawaifuti ndoa.

Kwa nini hili ni muhimu kwenye makala kuhusu mapambo na mawazo ya harusi? Kwa sababu karibu kila mtaa una watu waliokaa pamoja miaka saba, wana watoto watatu, na ukiwauliza watakujibu, "Bado tunajipanga." Wanachojipangia ni harusi, lakini kinachocheleweshwa ni ndoa. Wengine hujifariji kwamba ukiishi na mtu miaka miwili tayari mmeoana. Kifungu cha 160 kinasema watu walioishi hivyo kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume hudhaniwa kuwa wameoana, ila dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Siku ya mirathi au ya kugawana nyumba, kati ya mwenye cheti na mwenye dhana, mwenye dhana ndiye atakayetafuta mashahidi.

Jambo jingine halina mjadala, hata mada iwe nzuri kiasi gani: umri. Katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu vilivyoruhusu binti aliye chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa mkoa kama wetu, ambako binti bado anaweza kutajiwa idadi ya ng'ombe akiwa darasani, ni vizuri kamati ijue hilo kabla ya kupokea mchango wa kwanza.

Dini nazo zina mipaka yake. Kwa Waislamu, walii, mashahidi, mahari na tamko la kutoa na kupokea ndiyo nguzo, na ndoa inaweza kufungwa msikitini au nyumbani. Kwa Wakatoliki, ndoa hufungwa kanisani, na mahali pengine ni kwa idhini maalumu. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: mada ni ya sherehe. Kama mnataka iguse ibada, hata kwa rangi ya nguo tu, muulizeni kwanza shehe, padri au mchungaji wenu.

"Kawaida" nayo ilikuwa jambo jipya siku moja

Mtu akisema "harusi yenu si ya kawaida", mnaweza kumuuliza kawaida hiyo ilianza lini. Tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Prince Albert akiwa amevaa gauni jeupe. Kabla yake, bibi harusi wa Ulaya alivaa nguo yake bora ya rangi yoyote. Gauni la Victoria likaigwa na matajiri, kisha na watu wa kati, likavuka bahari, na leo linakodishwa mjini Kahama kana kwamba lilikuwepo tangu enzi za mababu.

Mababu wenyewe walikuwa na yao. Kwa Wasukuma shughuli ilikuwa ya kaya: ng'ombe waliohesabiwa mbele ya wazee wa pande zote, pombe ya mtama, maziwa, nyama, na ngoma iliyowaita majirani bila kadi. Watu hawakuuliza ukumbi kwa sababu uwanja wa nyumbani ulitosha.

Mkoa wetu uliwahi pia "kuchangia" harusi kubwa ya ng'ambo. Oktoba 1947, katika mgodi wa Mwadui ulioanzishwa na John Williamson, ilipatikana almasi ghafi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson aliitoa iwe zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa Novemba mwaka huohuo na baadaye akawa Malkia. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Zawadi za harusi ile zilikuwa nyingi mno, lakini hiyo bado inatajwa, kwa sababu ina rangi adimu na ina mahali ilipotoka. Almasi si ya kila mtu. Ila somo lake ni la kila mtu: kitu kinachotoka kwenye ardhi unayoijua hukumbukwa kuliko kilichonunuliwa kwa sababu kila mtu ananunua.

Na tusidhani umaskini wa siku hiyo ni aibu. Januari 2017 nchini Kenya, wachumba waliokuwa wameahirisha harusi yao kwa kukosa fedha waliamua kufunga ndoa kanisani jijini Nairobi wakiwa na nguo za kawaida na pete zilizogharimu shilingi 100 za Kenya. Picha zao zilisambaa, wafadhili wakajitokeza, na Siku ya Wapendanao wakafanyiwa sherehe kubwa. Wengi wanaikumbuka sherehe ya pili. Lakini ndoa ilikuwa ni ile ya kwanza.

Mada zinazotoka hapahapa kwetu

Yafuatayo ni mawazo tunayoweza kuyatekeleza kwa vitu vilivyopo Kagongwa, Kahama, Geita na vijiji vinavyotuzunguka. Kila moja lina kinachopunguzwa na kinachohitaji tahadhari.

Harusi ya mpunga. Kagongwa inajulikana kwa mashine za kukoboa mpunga na kwa mchele unaopakiwa kwenye malori kwenda mbali. Basi mpunga uwe ndiyo pambo. Masuke yaliyokauka hufungwa vizuri kama shada, hupangwa mezani kwenye mitungi na vikapu, na rangi zake, kijani na dhahabu, hutosha kuwa rangi za siku. Maua ya plastiki ya kukodi yanaondoka. Mgeni anaweza kuondoka na kifuko kidogo cha mchele mpya badala ya kopo lenye picha ya maharusi. Hata mchango unaweza kuja kwa gunia, jambo linalomfaa mkulima ambaye fedha yake bado iko ghalani. Tahadhari: kuna desturi ya kigeni ya kuwarushia maharusi mchele. Hapa kwetu, ambako watu wanajua jasho la kupandikiza, chakula kukanyagwa kitawakera wazee. Rusheni petali za maua, au pigeni vigelegele.

Harusi ya ngoma. Badala ya spika kubwa na mshereheshaji wa bei, alikeni kikundi cha bugobogobo. Ngoma hii ilizaliwa shambani, watu walipolima kwa pamoja, na mpaka leo wachezaji huruka na kuzungusha majembe kwa ustadi. Mnaweza pia kuchukua wazo la mashindano ya Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya Usukumani ambayo hucheza kwa wakati mmoja na mshindi ni aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Upande wa bwana harusi unacheza huku, wa bibi harusi kule, wageni wanaamua kwa miguu yao. Kinachopunguzwa ni gharama ya vyombo vya muziki na saa za hotuba. Tahadhari: kwa baadhi ya waumini, ngoma za mashindano zinahusishwa na dawa za jadi. Ulizeni familia zote mbili mapema, na mkubaliane na kikundi kwamba mnachotaka ni uchezaji na nyimbo tu. Na kwa kuwa majembe yanarushwa, watoto wakae mbali na uwanja.

Harusi ya nyumbani kwa bibi. Uwanja wa kaya, kivuli cha mwembe, mikeka, viti vya kuazima kwa majirani. Chakula ni cha kwetu: ugali wa mtama, nsansa kwa karanga, mlenda, sato au dagaa kutoka ziwani, maziwa ya mgando, na mezani matobolwa na michembe badala ya biskuti. Vijana watashangaa jinsi wageni wa mjini watakavyogombania matobolwa. Maharusi wanaweza kuvaa kitenge, au kaniki na shanga kwa sehemu ya siku. Ukumbi, mapambo ya dari na usafiri wa wageni kurudi usiku vyote vinatoka kwenye bajeti. Tahadhari: maji safi, vyoo na kivuli cha kutosha viandaliwe kwanza. Harusi ya nyumbani ikikosa choo, hicho ndicho kitakachokumbukwa.

Harusi ya chai ya asubuhi. Ndoa inafungwa mapema, saa tatu au saa nne wageni wanakaa kunywa chai ya maziwa, vitumbua vya mchele, maandazi, mihogo, viazi na karanga. Saa sita shughuli imekwisha. Hii inafaa sana wafanyabiashara wa mashine, madereva na wachimbaji ambao jioni wana zamu. Inaondoa pombe, taa, jenereta na hatari ya watu kusafiri usiku. Tahadhari: andikeni wazi kwenye kadi, "Karibu chai ya harusi, saa 3:00 hadi saa 6:00." Mgeni asiyejua atakuja saa nane akitafuta pilau.

Harusi ya baiskeli. Shinyanga na Kahama ni nchi ya baiskeli: zimebeba abiria, mikaa, madumu ya maji na wanafunzi. Msafara wa baiskeli zilizofungwa vitambaa vya rangi moja, bibi harusi akiwa ameketi kwenye mto mzuri nyuma, utapigwa picha na kila mtu njiani. Magari ya kukodi yanaondoka. Tahadhari hapa ni kubwa. Barabara kuu inayopita Kagongwa inabeba malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na haina huruma. Msafara upite barabara za mtaa tu, mchana, polisi wakiwa wamearifiwa. Kama mnatumia bodaboda, kila abiria avae kofia ngumu na asiwepo wa mshikaki.

Harusi ya miti. Wengi wa wazee wetu wanakumbuka Shinyanga ilivyokuwa kavu kabla ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kurudisha heshima ya ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa ili yapumzike. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wachumba wanaweza kuomba kila familia ilete mche mmoja badala ya zawadi ya vyombo: maembe, mipera, milimao, au miti ya asili inayokubali udongo wa hapa. Baada ya miaka kumi, watoto watakula zawadi za harusi ya wazazi wao. Tahadhari: harusi nyingi hufanyika kiangazi. Mche uliopandwa Agosti juani utakufa. Siku ya sherehe wageni watoe ahadi au waache miche kitaluni, kisha upandaji ufanyike mvua zikianza, Novemba au Desemba. Hapo mnapata pia sababu ya kukutana tena bila kadi mpya.

Harusi ya watani wa jadi. Bwana harusi ni Yanga, bibi harusi ni Simba, au kinyume chake. Klabu hizo mbili zilianzishwa mwaka 1935 na 1936, na tangu hapo zimegawa nyumba nyingi kwa kicheko. Upande mmoja unavaa kijani na njano, mwingine nyekundu na nyeupe, kwa nguo ambazo tayari ziko kabatini. Sare za kushona zinaondoka kabisa, na maswali ya utani kwa maharusi yanachukua nafasi ya hotuba ndefu. Tahadhari: msipange siku ya mechi yao. Ukumbi utabaki na wapishi peke yao, na upande utakaofungwa utagoma kula.

Harusi ya pamoja. Ndugu wawili, marafiki wawili au wachumba kadhaa wa jumuiya moja wanafunga ndoa siku moja na kugawana gharama za chakula, jukwaa na muziki. Makanisa na misikiti mingi hufungisha ndoa za pamoja, hasa kwa walioishi pamoja muda mrefu. Mgeni anachangia mara moja na kula mara moja. Tahadhari: hesabu za michango ziandikwe kwa kila upande tangu siku ya kwanza, na kila wachumba wawe na dakika zao peke yao mbele ya watu. Ndoa ya kila mmoja ina cheti chake.

Na pete? Tuko kwenye ukanda wa dhahabu, kwa hiyo pete iliyotengenezwa kwa dhahabu ya nyumbani ni wazo zuri. Lakini biashara ya madini ina leseni, na tangu mwaka 2019, soko la madini la Geita lilipofunguliwa, serikali imeweka masoko rasmi kwa ajili hiyo. Msinunue kipande kwa mtu wa kando ya njia kwa sababu ni rahisi. Nendeni kwa sonara anayejulikana, mpime mbele yenu, mpewe risiti. Pete ya fedha nayo ni pete.

Hesabu iliyo nyuma ya mada

Mapambo huonekana sana, lakini gharama kubwa ya harusi hufuata idadi ya watu. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kama chakula na kinywaji cha mgeni mmoja ni shilingi 15,000, wageni 300 ni shilingi 4,500,000. Wageni 120 ni shilingi 1,800,000. Tofauti ni shilingi 2,700,000, na hapo hatujagusa viti, ukumbi wala kadi. Chai ya asubuhi ya shilingi 5,000 kwa wageni walewale 300 ni shilingi 1,500,000. Kwa hiyo mna njia mbili za kweli za kushusha gharama: kupunguza watu, au kubadilisha aina ya mlo. Kubadilisha rangi ya vitambaa hakupunguzi chochote.

Kabla ya kuchagua mada, kaeni wawili tu, bila kamati, mjibu maswali matatu kwa maandishi. Tuna shilingi ngapi mkononi leo, bila ahadi za watu? Ni watu gani ambao wasipokuwepo tutaumia? Ni kitu gani kimoja tunataka wakikumbuke? Jibu la swali la tatu ndiyo mada yenu. Kila gharama itakayopendekezwa baadaye ipimwe kwa jibu hilo. Kama haliihusu, inaondoka.

Kuhusu michango, kumbukeni kwamba ahadi si fedha. Kipato cha huku ni cha msimu. Mkulima ana fedha baada ya mavuno, mchimbaji mdogo ana fedha siku duara linapotoa, mfanyabiashara ana fedha lori likirudi. Kamati inayosaini mkataba wa ukumbi kwa kutegemea ahadi za Machi italipa kwa mkopo wa Juni. Kuna wanaochukua mkopo wa kikoba au kuuza mpunga ukiwa bado shambani, kwa bei ya kutupwa, ili harusi isikwame. Maharusi hao huanza maisha kwa kula wali wa kununua kwa bei ya juu kutoka kwenye shamba lililokuwa lao. Kanuni ya kujilinda ni hii: lipeni kwa kilichokwisha kuingia, na mada ichaguliwe ili itoshe hapo. Kikizidi, kiwe cha mabati, mtaji au mbegu.

Wazee watasema nini?

Hapa ndipo mawazo mengi mazuri hufia. Baba amechangia harusi za watu kwa miaka 20, na anaona hii ndiyo zamu yake ya kurudishiwa. Mama ameshona sare za wenzake wote. Shangazi ana orodha ya watu 80. Mkiwaambia tu, "Sisi hatutaki makuu," watasikia kwamba mmewanyima heshima mbele ya ukoo. Hoja yao si ya kijinga: mchango ni deni la kijamii, na mzazi anataka kuonekana kuwa naye ana watu.

Kwa hiyo msipeleke ukatazaji. Pelekeni mada, na ndani yake wapeni wazee kazi yenye uzito. Katika harusi ya nyumbani, babu ndiye anayefungua kwa kutaja ukoo wa pande zote mbili. Katika harusi ya ngoma, mjomba ndiye anayechagua kikundi. Katika harusi ya miti, kila mzee anapanda mti wenye jina lake. Mshenga apelekwe mapema, kabla uvumi haujafika, na aseme lugha wanayoielewa: "Wazee wangu, vijana wanataka harusi yenye asili ya nyumbani, na wanaomba muiongoze ninyi." Ni vigumu kuipinga sentensi hiyo, na ni ya kweli.

Wale watu 80 wa shangazi? Wapangieni siku nyingine nyepesi, baada ya ibada ya Jumapili au jioni nyumbani, waje wasalimie na kunywa soda. Kama kuna kichen pati na sendofu, ziunganisheni ziwe shughuli moja ya wanawake na wazazi. Mwenye mchango mdogo naye asome kwenye tangazo kwamba anakaribishwa. Kuna majirani wanaojifungia ndani siku ya harusi kwa sababu hawakufikia kiwango cha kadi, na hiyo ni hasara kwa sherehe yoyote.

Mwisho, mambo ya mtaa. Muarifuni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata mapema, mpate kibali cha sherehe na mjue saa ya kuzima muziki. Kama mnatumia uwanja wa shule au wa kanisa, makubaliano yaandikwe. Na siku zile 21 za taarifa ya ndoa zihesabiwe kabla ya kuchapisha kadi, si baada.

Mkishamaliza kupanga, jaribuni kipimo hiki. Muwaze asubuhi ya tatu baada ya harusi: wageni wameondoka, viti vimerudishwa, mko wawili jikoni. Mezani kuna cheti cha ndoa. Je, pembeni yake kuna orodha ya wanaowadai, au kuna gunia la mchele lililobaki na miche inayosubiri mvua? Chagueni mada inayowafikisha kwenye hilo la pili, hata kama picha zake zitapata wapenzi wachache mtandaoni.